Bei ya Kilo

Kiazi kile hakiliwi.
Hilo nililijua kabla sijajua kuandika jina langu.
Ukikikata kinatoka povu,
ukikionja ulimi unawasha hadi jioni.
Wazee wa Chinantla walikiponda, wakakitia mtoni,
samaki wakaelea matumbo juu, wamelewa,
tukawaokota kwa vikapu.

Kinacholiwa ni kile kingine, kiazi kikuu cha shambani,
cheupe ndani kama jino la kwanza la mtoto.
Mama alikichemsha kwa chumvi na jani la epasote
akampelekea dada Donasiana, siku ya tatu ya uzazi:
mchuzi kwanza, kiazi chenyewe baadaye.
"Kula, damu irudi."
Damu ikarudi. Sijui ilitii kiazi
au ilimtii mama.

Lakini hiki cha porini, barbasko,
tulikichimba kwa sababu Don Abundio alikuwa na mizani.

Ilining'inia kwenye boriti ya ghala.
Mama alifika ameinama, gunia mgongoni,
mkanda umepita kwenye paji la uso,
shingo imekaza kama ya maksai.
Arobaini na mbili, ilisema mizani.
Thelathini na sita, alisema Don Abundio,
udongo haulipwi.
Mama akatazama kucha zake
kana kwamba zile kilo sita zimejificha humo.

Ni za nini? tuliuliza.
Sabuni, alisema dereva wa lori.
Dereva mwingine akasema rangi ya viatu.
Mama alitema mate pembeni:
"Hakuna anayechimba shimo la kimo chake
kwa ajili ya sabuni."

Ni mwalimu Fidencio aliyenichorea, miaka mingi baadaye,
kwa chaki iliyovunjika:
vyumba vinne vimeshikana kuta,
vitatu vya pembe sita, cha nne cha pembe tano,
na kibaraza kirefu kimening'inia nyuma.
Nikasema, mwalimu, hii ni nyumba yetu,
na hilo jiko lililobanwa mwishoni.
Akacheka. Hii, akasema, imo ndani ya barbasko.
Mjini walivunja kibaraza, wakahamisha mlango,
ikawa dawa ya viungo vilivyovimba,
ikawa kidonge cha mwanamke asiyetaka mimba mwaka huu.

Asiyetaka mimba mwaka huu.
Mama alizaa tisa, akazika wawili,
na mimba ya Rutilio aliibeba shimoni,
jembe mkononi, tumbo limegusa ukingo,
akichimbua, kwa bei ya kilo,
mapumziko ya wanawake asiowajua.

Sasa nafanya kazi zahanati ya Tuxtepec.
Nahesabu vidonge ishirini na kimoja, nafunga, naandika jina.
Wasichana hupokea bila kuniangalia,
na mimi siwaambii kitu; foleni ni ndefu.

Magoti ya mama yalikataa ngazi mwaka juzi.
Daktari akaandika sindano.
Nililipa nusu ya mshahara,
nikamletea kichupa, nikamweleza yote:
vyumba, kibaraza, mlango.

Alikishika karibu na jicho lenye nuru.
Hakulia, kama nilivyokuwa nimejiandaa.
Akaniomba mizani ya jikoni, ile ya kupimia maharagwe,
akakiweka juu yake taratibu.
Mshale haukutikisika.

"Kumbe," akasema.
Akangoja tena kidogo, kuipa mizani nafasi ya kujirekebisha.
"Kumbe Abundio alikuwa sahihi.
Karibu yote ilikuwa udongo."

Kisha akanituma nimenye kiazi,
kile kinacholiwa,
na nisikate nene, maganda yana bei.